Mwanangu, kuhusu kemia yako na ile rufaa

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa ndani ya gari nje ya kazini, zamu imeshaanza. Unauliza uiache kozi ya kemia upate W, alama ya kujitoa, au ubaki nayo hata kama utaangukia F. Halafu chini kabisa umeandika: "Nikinyimwa msaada wa masomo basi, mama, rufaa siandiki. Sitaki kuanika mambo ya baba." Umeniuliza la kwanza, lakini lililoninyima usingizi ni hilo la pili.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina uchungu. Mpaka sasa umejiandikisha krediti 45, umefaulu 29. Hiyo ni asilimia 64.4, na chuo chenu kinataka 67, ndiyo maana ukapewa onyo la muhula huu. Sasa una krediti 15, na kemia ni 4. Ukiiacha, W inahesabiwa kuwa ulijaribu na hukumaliza: jumla 60, ulizofaulu 40 ukizipata zile 11 nyingine, asilimia 66.67. Umeona? Umekosa kwa unywele. Ukibaki ukapata F, kwa kipimo hicho ni 66.67 ile ile, ila F inabomoa na wastani wako wa alama, ambao W haiugusi. Ukifaulu zote unafika 44 kati ya 60, asilimia 73. Kwa hiyo kawaulize ofisini jambo moja: hiyo 67 wanaikazania, au theluthi mbili kamili inapita? Vyuo havifanani kwa hilo. Na onyo ni la muhula mmoja tu. Ukishindwa tena, ruzuku ya Pell, ile pesa ya serikali ya Marekani isiyorudishwa, na mikopo ya serikali vinasimama, isipokuwa chuo kikubali rufaa. Pell ya mwaka wa masomo 2025-26 ikitolewa yote ni dola 7,395. Kodi ya nyumba yetu unaijua, sina haja ya kukulinganishia.

Kule kwetu Tanzania wanafunzi wangesema umekeri masomo, yaani unabeba uliyofeli, na unanusa disko, kufukuzwa chuo. Bibi yako wa Muheza asingeyajua maneno hayo, angesema tu, mficha uchi hazai. Alikuwa akilisema kwa kila kitu, hata kwa mtu aliyeficha kidonda cha mguu.

Oktoba 2014, alipofariki, ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa nasoma masomo ya awali ya uuguzi pale chuo cha jioni, kozi nne, zote kwa Pell. Baba yako mdogo alipiga simu saa tisa usiku. Bibi alizikwa mchana ule ule. Nilipofika nilikuta kaburi lina siku tatu, udongo umeshaanza kukauka juu, na kanga yake moja bado iko kwenye kamba ya nguo uani, hakuna aliyethubutu kuianua. Niliianua mimi. Nikakaa mpaka arobaini.

Sikumwambia mwalimu hata mmoja. Sikuandika barua pepe. Nilirudi mwishoni mwa Novemba nikaona aibu kuingia darasani, nikakaa nyumbani. Nikapata F nne. Tena kumbe ukiondoka kozi zote kabla muhula haujafika asilimia 60, pesa za msaada huhesabiwa kwa siku ulizosoma tu, zinazobaki zinarudishwa serikalini, na chuo kinakudai wewe. Kwa vile sikuaga, kwangu walihesabu nusu ya muhula. Barua ya deni ilikuja kwenye bahasha yenye dirisha la nailoni. Wewe ndiye uliyeitoa kwenye sanduku la barua. Ukaibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya chungwa, kwa sababu ilikuwa na nembo ya chuo na ulidhani mama amepewa zawadi. Dola 1,380. Ilikaa pale wiki nzima, sikuwa na nguvu ya kuibandua mbele yako.

Shangazi yako aliniambia, andika rufaa, weka na cheti cha kifo, mbona shemeji wa fulani aliandika akarudishiwa. Baba mdogo alikwishafuata cheti RITA, ile ofisi ya vizazi na vifo, na kunitumia. Siku moja nikakitia kwenye mkoba nikaenda. Nilifika mpaka ndani ya ile ofisi, nikachukua namba, nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha buluu. Mezani kulikuwa na kopo la kalamu, kila kalamu imefungwa ua la bandia ili watu wasiondoke nazo. Nikayatazama yale maua. Nikawaza, mama yangu nimtoe kwenye mkoba, nimpitishe chini ya kioo, mtu asiyemjua amgonge muhuri? Nikaona ni kumuuza. Nikaamka kabla namba yangu haijaitwa.

Deni nililimaliza baada ya miaka miwili. Darasani sikurudi.

Mpaka leo najibishana. Siku nyingine najiambia nilifanya heshima, na msiba si kitu cha kupeleka dirishani. Halafu nakumbuka kanuni yenyewe, kwa sababu baadaye niliisoma. Inataja sababu za rufaa, na ya kwanza kabisa ni kifo cha ndugu. Kisha jeraha au ugonjwa wa mwanafunzi, kisha mazingira mengine maalumu. Ya kwanza, mwanangu! Walioiandika walishamfikiria mtu kama mimi, nami nikaamka kwenye kiti. Mficha uchi hazai, na aliyenifundisha ndiye yule yule niliyekuwa namficha.

Sasa wewe. Krediti 16 ulizopoteza, 4 mwishoni mwa mwaka jana na 12 muhula uliofuata, najua zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye kazi ya ghalani, usiku, kwa sababu baba yako alifanyiwa operesheni ya mgongo na mimi peke yangu sikuweza kodi. Mimi ndiye niliyekuambia "saidia kidogo tu". Hilo usilifiche kwa ajili yangu. Rufaa inataka mambo mawili: nini kilikuangusha, na nini kimebadilika sasa. La kwanza umelibeba mwaka mzima. La pili ndilo linaloniuma roho: baba amerudi kazini tangu Agosti, hilo ni kweli, lakini wewe zamu za usiku umeziacha? Hujaniambia.

Ila mgongo ni wa baba yako, si wangu wala wako, na karatasi za hospitali zina jina lake. Ulinikataza nisimwambie. Jana akila nilifungua mdomo nikaufunga. Naona unapaswa kumwomba wewe mwenyewe, kabla hata hujajua kama rufaa itahitajika. Atanyamaza kwanza. Mwache anyamaze. Halafu ataamka aende kwenye ile droo.

Kuhusu kemia, unataka niseme acha au baki. Nimeandika nikafuta. Jaribio la kwanza 58, la pili 66. Mimi naona mtu anapanda. Lakini mimi si mwalimu wako, na nisije nikawa namrudisha darasani yule mama wa 2014 kupitia kwako. Mwalimu wa kemia ndiye anayejua kama 66 inaweza kufika mahali pa kupita. Muulize uso kwa uso, si kwa ujumbe. Sisemi. Ulimi unaniwasha, lakini sisemi.

Umeniambia mwisho wa kuacha kozi ni Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Basi Jumatano nenda ofisi ya misaada, chukua namba, kaa. Ukikaa nipigie. Nitakuwa zamu, ila nimeshamwambia msimamizi kwamba simu hiyo nitaipokea. Huna haja ya kuongea. Iweke tu mfukoni ikiwa wazi, mpaka wakuite.

Mama yako