Farasi ndani ya ukumbi wa muziki?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi Amsterdam. Nimepelekwa kusikiliza muziki katika ukumbi wa Carré, nikaona ukutani kwa nje vichwa vya machale vimechongwa. Mwenzangu kazini anadai zamani humo waliingia farasi. Ananitania? – Msomaji, Amsterdam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii hata kidogo. Farasi ndio waliojengewa nyumba ile. Waimbaji walikuja baadaye kama wapangaji.

Oscar Carré alikuwa mwenye sarakasi, mtoto wa ukoo wa wapanda farasi kutoka Ujerumani. Zamani Amsterdam ilikuwa na sherehe kubwa ya mitaani kila mwaka, na sarakasi zilipata riziki hapo. Mwaka 1876 manispaa ikaipiga marufuku, imechoshwa na ulevi na fujo. Carré akaona bora ajenge pake mwenyewe, kwa matofali, ukingoni mwa mto Amstel. Milango ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 1887.

Ukiingia tena, tazama jinsi viti vinavyoizunguka sakafu. Katikati ndipo ulipokuwa uwanja wa duara, na duara la sarakasi lina kipimo chake: mita 13 hivi kutoka upande hadi upande. Kipimo hicho kimetokana na Philip Astley, Mwingereza wa karne ya 18. Farasi akikimbia kwenye duara la namna hiyo huinamia ndani, na mtu aliyesimama mgongoni mwake, akijua kuinama naye, hatupwi nje. Duara likiwa dogo zaidi farasi hapati mwendo. Na kwa kuwa kipimo kilienea, farasi aliyefunzwa mji mmoja aliweza kucheza mji mwingine bila kuanza upya.

Tatizo lilikuwa hesabu. Sarakasi ilijaza jengo wakati wa baridi tu. Miezi mingine, je? Likakodishwa kwa waimbaji, wachekeshaji na wanamazingaombwe, na taratibu mpangaji akawa ndiye mwenye nyumba. Oscar mwenyewe alifariki mwaka 1911. Mkewe Amalia, naye wa ukoo wa sarakasi, alikuwa ameshafariki katika ajali ya treni mwaka 1891. Ukipita makaburi ya Zorgvlied utaona kaburi lao. Halikosekani, ni jumba zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nusura jengo la Carré livunjwe ijengwe hoteli. Wasanii na wananchi wakapiga kelele, na mwaka 1977 manispaa ikalinunua. Mimi sipendi kuisifu serikali, lakini hapo walifanya jambo la maana. Lilipotimiza miaka 100 likapewa jina la heshima: Koninklijk, yaani la Kifalme.

Na sarakasi haijahama. Kila Krismasi viti vya chini hutolewa, duara linarudi, na umati unajaa. Simba na tembo usiwatarajie. Tangu 2015 Uholanzi imepiga marufuku wanyama wa porini katika sarakasi. Farasi wanaruhusiwa.

Ukipeleka watoto, usijinyime chakula kwa ajili ya tiketi za viti vya karibu na duara. Kateni za viti vya juu. Sarakasi ya duara huonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka juu, na pesa itakayobaki wanunulie oliebollen, maandazi ya Kiholanzi, wakati wa mapumziko.