Kereza kwa Nyonga, Mikono Iongoze Tu

Ukitaka kujua kama mtu anaweza kukereza mti, iache mikono yake, tazama miguu. Nilianza karate kabla ya kusimama mbele ya mashine ya kukerezea, na wanaoanza huku na kule hushikwa na ugonjwa mmoja: mabega yamepanda, magoti yamekaza, pumzi imezuiwa, nguvu zote zimejaa viganjani.

Gyaku-zuki, ngumi ya karate inayopigwa kwa mkono wa upande wa mguu wa nyuma, haianzii begani. Mguu wa nyuma unasukuma sakafu, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata, mkono unafika mwisho. Bobari, patasi ya kukerezea yenye makali ya mviringo, nayo iendeshe hivyo. Ibane mpini wake ubavuni karibu na nyonga, mkono wa mbele uelekeze tu juu ya egemeo (sehemu ya mashine inayobeba chombo), kisha hamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono kila kimoja kina duara lake. Ukiviachia kazi, ubavu wa bakuli utatoka na mabonde, na utashinda na msasa.

Ushauri ninaouthamini kuliko wote ni huu: panga miguu kwa ajili ya mwisho wa mkato. Kabla hujawasha mashine, pitisha bobari hewani njia yote. Ukifika mwisho umejinyoosha na kisigino kimenyanyuka, sogea, rudia. Afadhali uanze umejipinda kidogo, umalize umetulia. Wanajudo, tangu Jigoro Kano alipoanzisha mchezo huo mwaka 1882, humyumbisha mtu kwanza ndipo wamtupe. Makali yakizama ghafla kwenye mti unaozunguka, na wewe umeegemea mbele, chombo kitakuvuta kama mpinzani aliyekushika ukosi.

Hata hivyo, usihamishe kila kitu kutoka dojo, ukumbi wa mazoezi. Zenkutsu-dachi, namna ya kusimama katika karate mguu mmoja ukiwa mbele na goti lake limepinda, ni ndefu na ya chini mno kwa kazi hii. Miguu iachane kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, magoti yalegee. Na mhimili wa mashine uwe usawa wa kiwiko chako, la sivyo mgongo utainama na hakuna ufundi utakaokuokoa. Mfupi asimame juu ya jukwaa imara. Unapowasha, kaa pembeni ya mti unaozunguka, ngao ya uso ikiwa imeshavaliwa.

Halafu nenda polepole. Chombo kikae kwanza juu ya egemeo, mshazari wa makali (uso ulionolewa kwa mteremko) uguse mti, ndipo uinue mpini mpaka maranda yaanze kutoka. Toa pumzi unapokata.

Ngumi ya hewani haiachi alama, lakini mti unaandika kila kitu. Uzito wako ukisita katikati ya mkato, utaona mchirizi mahali pale pale. Nikiuona, nazima mashine na kurekebisha miguu kabla sijafikiria kunoa chombo.