Barua kwa mwanangu: nani hupanga nani ana thamani?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeurudia zaidi ya mara moja. Unasema kila anayesikia kwamba unahudumia wazee wasiojiweza anakusifu, anaiita kazi yako wito, mwingine hata anakuombea dua. Ukitaja mshahara, mazungumzo yanahamia kwingine. Kisha ukaniuliza: "Baba, ni nani hasa aliyekaa akaamua kwamba anayeuza matangazo apate mara nne ya anayemwogesha mtu asiyeweza kujiogesha? Ni soko, au ni sisi?" Ukanionya kabisa kwamba, kwa vile ujana wangu wote umeishia kwenye vitabu vya hesabu, nisithubutu kukujibu kwa mawaidha.

Haya, tuanze na soko, maana ndilo jibu ambalo kila mtu analo mfukoni. Mwanauchumi Mskoti Adam Smith aliliandika fumbo lake mwaka 1776: hakuna kinachotufaa kama maji, na bei yake ni ndogo, almasi haina kazi ya maana, na bei yake haishikiki. Wachumi wa karne iliyofuata wakalifumbua kwa kusema kwamba bei haifuati manufaa yote ya kitu, inafuata uadimu wake, yaani faida ya kile kidogo cha mwisho unachojiongezea. Jibu zuri. Almasi linaieleza sawasawa, ila wewe halikuelezi. Nchi nyingi tajiri zinalia upungufu wa wauguzi na wahudumu wa wazee mwaka hadi mwaka, zinawasaka hata ng'ambo, na bado mishahara yao ni ya chini. Ingekuwa ni uadimu tu, mngekuwa mnaringa. Kwa hiyo kuna jambo limekwisha kuamuliwa kabla bei haijatajwa.

Kwa macho ya mhasibu, jambo hilo ni mstari. Kabla hujajumlisha chochote huna budi kuamua nini kiingie daftarini na nini kibaki nje, na kikiingia, kiingie upande gani. Msomaji anaona jumla chini ya ukurasa, anadhani namba imejileta yenyewe.

Kampuni ikinunua mashine, mashine inaandikwa kwenye mali. Mshahara wako unaandikwa kwenye gharama, na mafunzo uliyopewa nayo ni gharama. Kanuni za kimataifa za uhasibu zina hoja yake: mali sharti iwe chini ya mamlaka ya kampuni, na mfanyakazi anaweza kuaga kesho. Sasa tazama klabu ya mpira. Ikimsajili mchezaji kutoka klabu nyingine, ada ya uhamisho inaingia kwenye mali na kupunguzwa mwaka kwa mwaka hadi mkataba uishe. Mchezaji aliyelelewa na klabu hiyohiyo tangu utotoni, hata akimshinda yule kwa mbali, kwenye mizania, yaani karatasi ya mali na madeni, yuko karibu na sifuri, kwa kuwa hakununuliwa. Hakuna mkaguzi anayeshtuka. Hata mimi nilizoea, ingawa nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Uliwahi kunieleza jinsi unavyomgeuza mzee aliyepooza, usiku kucha kila baada ya saa kadhaa. Unamwita kwanza kwa jina asishtuke, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, halafu unakagua visigino na kiuno kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Ukiifanya vizuri, asubuhi hakuna kilichotokea. Sijawahi kuona daftari lenye safu ya vidonda ambavyo havikutokea.

Hesabu za mataifa nazo zina mstari wao, na ukiufuata nyuma utakuta umehamishwahamishwa. François Quesnay, daktari wa mfalme wa Ufaransa, alichora mwaka 1758 jedwali la uchumi ambamo kilimo peke yake kilizalisha. Mafundi na wafanyabiashara aliwaweka kwenye tabaka alilolihesabu kuwa tasa. Smith akausogeza mstari, mafundi wakaingia. Nje akawaacha watumishi wa nyumbani, na pamoja nao mfalme, makasisi, wanasheria, madaktari na waimbaji wa opera. (Napenda sana ile picha ya mfalme kuwekwa kapu moja na mtumishi wake.) Siku hizi wote hao wamo ndani, mradi wanalipwa.

Ni hapo kwenye "mradi wanalipwa" ndipo penye shida. Mwanauchumi Simon Kuznets alipolipelekea Bunge la Marekani makadirio ya pato la taifa mwaka 1934, aliandika waziwazi kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa kwenye namba hiyo, na kwamba kazi za akina mama majumbani hazimo. Namba ikashika, onyo likasahaulika. Mwingereza Arthur Pigou alikuwa amekwisha kukiona kichekesho chenyewe: bwana akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linapungua, ingawa sakafu ni ileile na anayeipiga deki ni yuleyule. Nilipomsomea mama yako hapo, hakucheka.

Usidhani hakuna aliyepinga. Katika miaka ya 1940 mwanamke kijana, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kuhesabu pato la makoloni, yakiwemo Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Alifika hadi vijijini, akakuta ukiziacha nje kazi za wanawake, kuokota kuni na kutayarisha chakula, hesabu yako haina maana. Aliandika hivyo. Umoja wa Mataifa ulipotoa mfumo wake wa hesabu za taifa mwaka 1953, kazi hizo hazikuingia. Marekebisho ya 1993 yalikubali kuteka maji kuhesabiwe. Kupika, kulea na kuuguza ndani ya familia vikabaki nje, na nje ndiko viliko hadi leo. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu wa nchi 64 zilizochunguzwa hutoa saa bilioni 16.4 za kazi hizo kila siku bila malipo, na zaidi ya robo tatu ni za wanawake. Kazi yako, mwanangu, imetoka huko. Ni kazi ambayo watu wameizoea bure, na kitu kilichozoeleka bure kikianza kulipwa, kila senti huonekana kama hisani.

Lakini nisikudanganye kwamba dawa ni kuhesabiwa tu. Kuna watu waliwahi kuhesabiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko mfanyakazi yeyote niliyemwandika mimi. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga fidia ya pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Fidia hiyo walipewa mabwana. Watumwa, kama watu 800,000, hawakupata hata peni moja. Wengi wao waliongezewa miaka ya kazi ya lazima iliyoitwa uanagenzi, hadi 1838. Mkopo uliochukuliwa kulipia fidia hiyo serikali ya Uingereza ilimaliza kuulipa mwaka 2015, kwa hiyo wajukuu wa wajukuu wa watumwa, wale waliohamia huko, waliulipia kodi.

Kinachonikosesha raha zaidi ni fomu za fidia hiyo. Makarani waliwagawa watu kwa madaraja, kila daraja na kiwango chake: wa mashambani, wa majumbani, viongozi wa vikosi vya kazi, watoto wa chini ya miaka sita, na mwisho kabisa daraja la wazee, wagonjwa na watu wazima wasioweza tena kufanya kazi. Hao wa mwisho ndio watu wako. Karani aliwaandika vizuri, mwandiko safi, jumla sahihi. Tangu nisome habari hiyo sivutiwi tena na mtu anayesema "tukiweza kulipima jambo, tutalithamini".

Kuna na hili: thamani ya kazi inategemea sana nani anaonekana akiifanya. Mwaka 1946, kompyuta ENIAC ilipoonyeshwa hadharani pale Philadelphia, waliokuwa wameipangia hesabu zake ni wanawake sita. Hawakutambulishwa, na kwenye karamu ya usiku ule hawakualikwa. Kupanga programu kulionekana kazi ya ukarani. Kazi ilipojaa wanaume baadaye, ikawa taaluma yenye mishahara ya kutajwa kwa sauti ya chini. Upande wa pili, wanasosholojia waliofuatilia takwimu za sensa ya Marekani tangu 1950 hadi 2000 walikuta kwamba wanawake wakiongezeka katika kazi fulani, malipo yake hushuka baadaye, hata ukizingatia elimu na ujuzi.

Nikupe sasa mfano wa mtu aliyelazimika kufanya kwa kalamu kile tunachokifanya sote kimyakimya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilianzisha mfuko wa fidia, na mwanasheria Kenneth Feinberg akakabidhiwa. Kwa maumivu ya kifo chenyewe aliweka kiwango kimoja kwa wote, dola 250,000, na nyongeza ya 100,000 kwa mwenzi wa ndoa na kwa kila mtegemezi. Lakini sheria ilimtaka aongeze pia kipato ambacho marehemu angekichuma. Humo ndimo watu walimotengana. Familia za dalali wa hisa na za muosha vyombo zilipita ofisi moja, zikajaza fomu ileile, na malipo yakaanzia dola 250,000 hadi zaidi ya milioni 7. Familia zikaanza kumuuliza kwa nini ndugu yao ni duni kuliko wa jirani. Mwaka 2007, baada ya mauaji ya watu 32 katika chuo cha Virginia Tech, Feinberg alisimamia fedha zilizochangwa, na safari hii kila familia ya marehemu ikapata kiasi sawa. Kuhusu ule mfuko wa kwanza amesema kwamba angekuwa na hiari, angelipa sawa kwa wote. Mtu yuleyule, hesabu mbili. Kilichobadilika ni kanuni aliyopewa mezani.

Basi swali lako "ni nani" lina jibu: ni waliokuwa chumbani siku kanuni inaandikwa. Soko linapokea kanuni na kuiendesha kwa bidii ya ajabu. Na "sisi" tumo kwa namna moja tu, kwamba tunaikuta na kuikubali.

Mstari unasogea pale walioachwa nje wanapolipa gharama ya kuusogeza. Februari 1, 1968, mjini Memphis, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari lao bovu la taka. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawaponda. Jiji likazipa familia mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Wenzao kama 1,300, watu weusi walioitwa watoto hadi wakaota mvi, wakagoma siku chache baadaye na kuandamana na mabango yaliyosema MIMI NI MWANAMUME. Wala halikuwa bango la mshahara, ingawa mshahara walikuwa wanautaka. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, akauawa hukohuko Aprili 4. Siku 12 baadaye jiji likautambua muungano wao na kukubali kuwaongeza malipo.

Iceland ni habari ya furaha zaidi. Oktoba 24, 1975, kama asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi zote, za ofisini na za nyumbani, kwa siku moja. Wanaume wakaenda kazini na watoto. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa, na mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir akachaguliwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kushika cheo hicho kwa kura za wananchi. Pengo la mshahara halikwisha, na wameshagoma tena.

Linganisha na makofi. Mwaka 2020 Waingereza walisimama milangoni kila Alhamisi kwa wiki 10 wakiwapigia makofi wahudumu wa afya. Machi 2021 serikali ikapendekeza wauguzi wa England waongezwe asilimia 1. Baada ya kelele ikawa 3. Sina ubishi na makofi, lakini nikiwa na kalamu mkononi nayaandika kwenye shukrani, safu nyingine kabisa.

Kuhusu swali lako la pembeni, kama uache: ukiacha sitakuona umewasaliti wazee, na ukibaki sitakuita shujaa, maana umeshaitwa sana. Kabla hujaamua, nitumie mkataba wako. Nataka kuona saa za usiku zimeandikwaje, kama zimo ndani ya mshahara wa msingi au zinalipwa kando. Nataka kujua pia zile dakika za kupokezana zamu, mnapoelezana nani hajala na nani hajalala, zinahesabiwa au mnazitoa bure. Waulize na wenzako zao zimeandikwaje, na muulizane mkiwa pamoja, asiende mmoja mmoja kwa meneja.

Mama yako anakusalimu. Anasema ile sehemu ya Pigou ana majibu yake, atakuandikia mwenyewe.

Wako,
Baba