Jibu: Eneo la wazi mtaani Mangamba, nani mwenye dhamana?

Salaam ndugu. Umeuliza nani anawajibika na eneo la wazi (lile linaloachwa bila kujengwa kwa matumizi ya wote) kwenye viwanja mlivyopimiwa hapo Mangamba, Mtwara, maana kampuni iliyowauzia imeondoka na mwenye shamba wa zamani amerudi kuokota korosho na kumwaga mawe ya msingi.

Kabla ya kugombana naye, nendeni ofisi ya mipango miji ya manispaa mkaone mchoro ulioidhinishwa na ramani ya upimaji. Siyo ile karatasi ya rangi ya dalali! Kama mchoro unasema eneo la wazi, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na matumizi hayabadilishwi kienyeji. Kama limeandikwa kiwanja cha makazi, kesi yenu ni nyingine kabisa.

Mikorosho ndiyo hunogesha ugomvi. Ulizeni kama alilipwa fidia, na karatasi iko wapi. Mwenyekiti wa mtaa apewe barua, aitie muhuri, nakala iende kwa mkurugenzi wa manispaa. Sisi mtaani kwetu tulipeleka malalamiko kwa mdomo tu, hakuna aliyekuja. Barua ilipofika, mkaguzi alitokea na ujenzi ukasimama.

Kufyeka na kuzoa taka eneo hilo fanyeni wenyewe, halmashauri msiisubiri.