Kabla Hujalaumu Msimbo Wako, Ikague Kompyuta

Vijana wapya wanapojiunga na timu yetu, siku ya kwanza siwapi programu ya kuandika. Nawapa mradi mdogo ambao jana yake nimeujenga kwenye mashine yangu bila tatizo, nawaomba waujenge kwenye kompyuta zao na waniletee faili la APK, yaani programu iliyo tayari kuwekwa kwenye simu. Wengine huona nawachelewesha. Lakini nimeshuhudia watu wenye akili nzuri wakikata tamaa na kazi hii ndani ya wiki moja, kisa kompyuta haikuwa tayari na hakuna aliyewaambia. Anayeanza akiona maandishi mekundu hujilaumu mwenyewe kwanza. Anafuta msimbo aliouandika sawasawa, anauandika upya, na makosa yanabaki yaleyale.

Nitazungumzia programu za Android, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku na ndiyo wengi wenu mnaanzia, tena kwa laptopu za mtumba.

RAM na diski nitazipitia haraka. Android Studio, programu tunayotumia kuandikia na kujengea programu za Android, inataka RAM isiyopungua GB 8, na ukitaka kuendesha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta hiyohiyo, uwe na angalau GB 16. Ukiwa na GB 4 usilazimishe. Anza na kitu chepesi huku ukijichanga. Kwenye diski, mimi sianzi kama nafasi iliyo wazi haifiki GB 30, kwa sababu mbali na Android Studio yenyewe kuna vifaa vya SDK (zana za kutengenezea programu za Android), na kuna folda ya Gradle, chombo kinachojenga mradi, inayoitwa .gradle kwenye folda yako ya nyumbani, ambayo inanenepa kimyakimya kila unapojenga. Kama RAM inatosha na bado unasubiri mpaka unasinzia, tazama aina ya diski. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD ni badiliko utakaloliona siku hiyohiyo.

Sasa saa. Ndiyo, saa ya kompyuta, ile ya pembeni chini ambayo hakuna anayeiangalia. Kijana mmoja alinijia akiwa amemaliza mabando mawili kwa siku mbili. Kila akijenga, Gradle inashindwa kupakua vitu inavyovihitaji, naye anajaribu tena na tena. Alishabadilisha toleo la Gradle, akabadilisha mistari kwenye mafaili ya mradi, mpaka mradi wenyewe ukawa haufanani na wa mtu mwingine. Nilimwomba afungue tovuti yoyote kwenye kivinjari, ikakataa kwa kusema muunganisho si salama. Tukatazama tarehe: Januari 2015.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko 2015 ikipewa cheti cha mwaka huu inakiona hakijaanza kazi, inakikataa. Kivinjari kitakataa, Git (chombo cha kutunza na kupakua msimbo) itakataa, Gradle nayo itakataa, kila mmoja kwa maneno yake, na hakuna atakayekwambia waziwazi kwamba tatizo ni saa. Chanzo kwa laptopu za zamani mara nyingi ni kibetri kidogo mfano wa sarafu kilichoko kwenye ubao mama, kwa kawaida CR2032. Kikifa, kila betri kubwa inapoisha chaji na umeme ukikatika, saa inarudi nyuma. Weka tarehe sahihi leo ili uendelee na kazi, kisha mpelekee fundi abadilishe kibetri. Yule kijana alirekebisha tarehe tukiwa tumekaa pale, tukapakua mradi upya, ukajengeka. Niliumia kwa zile siku mbili zake.

La pili linalowatesa wengi ni Java, ambayo Gradle inaihitaji ili ifanye kazi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwa Windows, Terminal kwa Linux), andika java -version, halafu andika javac -version. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, ujue una Java ya kuendeshea programu tu. Ya kujengea, yaani JDK, huna au haijulikani ilipo. Zikijibu zote, soma namba ya toleo. Android Gradle Plugin, kiungo kinachoiwezesha Gradle kujenga programu za Android, kuanzia toleo la 8 inadai Java 17 au zaidi, ilhali kompyuta nyingi za mtumba zina Java 8 iliyoachwa na mwenye mashine wa kwanza.

Hapa pana mtego. Android Studio inakuja na Java yake ndani. Kwa hiyo mradi unaweza kujengeka ukibonyeza kitufe ndani ya Studio, halafu ukagoma ukiujenga kwa amri kwenye dirisha, kwa sababu dirisha linafuata JAVA_HOME, mpangilio wa kompyuta unaosema Java iko wapi, nao unaonyesha Java ya zamani. Ni mradi uleule, ila Java ni mbili. Kwenye Windows andika where java, kwenye Linux which -a java, uone ziko ngapi na ipi inatangulia. Ukirekebisha JAVA_HOME au PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri), funga dirisha la amri ufungue jipya. Lililokuwa wazi linaendelea kushika habari za zamani. Kwa kuiruka hatua hiyo ndogo nimeona watu wakiapa kwamba marekebisho hayafanyi kazi.

Simu ya kuigiza mimi simshauri mgeni aanze nayo. Inakula RAM, na kwenye mashine nyingi uwezo wa prosesa unaoitegemeza umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Tumia simu yako. Nenda sehemu inayotaja taarifa za simu, gusa namba ya muundo (Build number) mara 7 mpaka chaguo za wasanidi zifunguke, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, kisha andika adb devices (adb ni zana ya SDK inayozungumza na simu). Isipoonekana kabisa, badilisha waya kabla hujagusa kitu kingine, maana ziko nyaya za kuchajia tu, hazipitishi data. Ikionekana na neno unauthorized, angalia kioo cha simu: inakusubiri ukubali.

Baada ya hayo yote, namba za matoleo zisikutulize. Mashine inaweza kujibu kila amri vizuri na bado ishindwe kujenga. Chukua mradi mtupu unaotengenezwa na Android Studio yenyewe, usibadilishe hata herufi, ingia kwenye folda yake na uandike gradlew assembleDebug, au ./gradlew assembleDebug kwa Linux. Ukiona BUILD SUCCESSFUL, fungua folda ya app/build/outputs/apk/debug, ichukue ile APK, iweke kwenye simu na uifungue. Ikifunguka, kuanzia hapo kosa likitokea unayo haki ya kushuku msimbo wako.

Ujenzi huo wa kwanza ufanye mahali penye intaneti ya uhakika, chuoni au ofisini, kwa sababu ndio unaopakua mzigo mkubwa. Ukishafaulu, na usipoongeza kitu kipya kwenye mradi, unaweza kujenga nyumbani bila bando kwa kuongeza --offline mwishoni mwa amri. Siku hiyohiyo nakili kwenye daftari majibu ya java -version, toleo la Android Studio na toleo la Gradle. Mwezi ujao mambo yakigoma na ukamwandikia mtu kuomba msaada, mtumie hayo pamoja na ujumbe wa kosa mzima, kuanzia mstari wa kwanza.