Mbona tiba shufaa mapema hivi?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Mama yangu ana miaka 61, na ameambiwa neva zinazoendesha misuli zinakufa. Mkono wa kulia umelegea na maneno yanamtatiza, ila bado anatembea. Daktari ametuelekeza tiba shufaa, yaani ile ya kupunguza mateso bila kuponya ugonjwa. Ndiyo kusema wamekata tamaa? Na tununue mtungi wa oksijeni tuuweke nyumbani? (Likoni, Mombasa)

Jibu: Waaleikum salaam. La, hawajakata tamaa. Ugonjwa huu hauponi. Dawa ya riluzole, miligramu 50 mara mbili kwa siku, huongeza miezi michache tu ya kuishi. Kazi kubwa iliyobaki ni ya tiba shufaa, na baadhi ya maamuzi yake yana muda wake.

Mrija wa kulishia, ule unaopitishwa kwenye ngozi hadi tumboni, huwekwa kwa usalama zaidi nguvu za pumzi zikiwa bado zaidi ya nusu ya kawaida. Watu hungoja hadi mgonjwa ashindwe kumeza kabisa, na hapo kumlaza chali na kumpa dawa ya usingizi huwa hatari. Mpimeni uzito kila mwezi. Ikiwa alikuwa na kilo 60 akafika 54, mmechelewa tayari, mwoneni daktari haraka. Siku hizi chai na maji vitampalia zaidi kuliko uji mzito. Wali uliolowa mchuzi mwembamba na mahamri makavu navyo vina taabu yake. Ale akiwa wima, ainamishe kidevu anapomeza, asilale kabla ya nusu saa.

Mtungi msinunue. Mara nyingi mapafu yenyewe ni mazima, kilichochoka ni misuli inayoyavuta, kwa hivyo hewa chafu haitoki. Oksijeni peke yake yaweza kuzidisha mrundikano huo huku kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikionyesha namba nzuri. Akiamka na maumivu ya kichwa, akisinzia mchana au akishindwa kulala chali, ulizieni mashine ya usiku inayosukuma hewa kwa barakoa. Iwe na betri, stima mwaijua.

Pumzi zikimbana, morfini ya kunywa, aghalabu miligramu 2.5 kila saa nne, humtuliza. Ikipimwa vizuri haizimi pumzi kama watu wanavyohofu. Hufunga choo, basi ianze pamoja na dawa ya kulainisha. Mate yakimchuruzika, amitriptyline ya miligramu 10 usiku husaidia, ikiandikwa na daktari.

Muulizeni pia, akiwa bado asema: akizidiwa, ataka kutobolewa koo na kuwekwa mashine ya kupumulia? Jibu lake liandikwe kwenye faili, maana usiku wa dharura anayeamua huwa ni daktari wa zamu asiyemjua.