Mara ya mwisho ulikojoa lini?

Muuguzi wa zamu aliniuliza hivyo mimba yangu ya pili ikiwa na wiki tisa, nami nikashindwa kumjibu. Ilikuwa jana yake asubuhi, nadhani, na mkojo wenyewe ulikuwa kama chai ya mkandaa. Wiki moja kabla, zahanati nyingine ilinirudisha nyumbani: "Kutapika ni kawaida, mama, vumilia." Nilishika mimba nikiwa na kilo 58. Siku hiyo mzani ulisoma 53.

Mjamzito akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito aliokuwa nao kabla ya mimba, hapo si kichefuchefu cha kawaida tena, ni ugonjwa wa kutibiwa. Mpaka wangu ulikuwa kilo tatu, na nilishauvuka bila mtu kunipima. Mkojo ulionyesha ketoni nyingi: mwili ulikuwa unachoma mafuta yake kwa kukosa chakula.

Kabla ya dripu ya glukosi, daktari aliagiza nichomwe vitamini B1. Nikamuuliza kwa nini. Akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ya wiki chache tu, na sukari ikiingia inaimaliza ile kidogo iliyobaki. Ikiisha, ubongo unaumia: macho yanaona vitu viwili viwili, miguu inayumba, akili inachanganyikiwa. Kama umetapika kwa wiki kadhaa, tafadhali, uliza habari ya B1 kabla hawajakutundikia dripu. Mimi nilipona kwa sababu mtu alikumbuka.

Nyumbani kazi ilikuwa kijiko. Kijiko kimoja cha maji ya ORS, dakika kumi, kingine. Glasi nzima ilirudi palepale. Wifi yangu aligandisha juisi ya ukwaju kwenye vifuko vya barafu, nikawa nalamba usiku. Chakula nilikiweza kikiwa kimepoa, maana harufu hupungua: kiazi kitamu cha jana, mkate mkavu kabla sijainuka kitandani. Maji nilikunywa mbali na chakula. Mume wangu alihamishia jiko uani, nilikuwa siwezi kabisa harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Nilipewa pia vitamini B6 na dawa ya kuzuia kutapika. Zipo zinazofaa kwa mjamzito, ila uandikiwe, usijinunulie.

Vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki pamoja, vilinitapisha kila nikimeza. Daktari alisimamisha madini ya chuma kwa muda, akaniachia asidi ya foliki peke yake, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika mapema sana. Usivitupe kimyakimya kama nilivyotaka kufanya. Sema kliniki, wabadilishe.

Kutapika kulipopungua, mwezi wa tano wa mimba, nilianza kurudisha damu: dagaa, maharage, mchicha wa kukamulia ndimu, chai ikae mbali na mlo. Udongo niliuacha, ingawa hamu yake ilinitesa, kwa sababu unazuia chuma kufyonzwa.

Kama leo hata maji hayakai tumboni, hujakojoa tangu asubuhi, au ukisimama kichwa kinazunguka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda na kadi yenye uzito wako wa kwanza, uombe kupimwa uzito na mkojo hapohapo.